Mkono Juu ya Taya

Kwenye jokofu la dawa katika wodi ya wagonjwa mahututi, rafu ya chini kabisa, hupangwa mifuko ya dripu ya maji ya chumvi. Ni maji yale yale yanayotundikwa katika hospitali zote duniani, gramu 9 za chumvi kwa kila lita, isipokuwa haya yamelazwa humo tangu jana ili yafike nyuzi 4 za Selsiasi. Mfuko wa lita moja haupoi kwa dakika kumi. Ukisubiri mgonjwa afike ndipo uuweke kwenye baridi, umeshachelewa. Kwa hiyo anayemaliza zamu hufungua jokofu, huhesabu mifuko, hujaza iliyopungua, hutazama kipimajoto kilichobandikwa ndani ya mlango, kisha ndipo hutia saini kwenye daftari la makabidhiano. Kazi ya kumpoza mgonjwa wa kiharusi huanza wakati mgonjwa mwenyewe bado yuko kwake, mzima, anakunywa chai.

Tangu miaka ya 1990 kazi hiyo imefanywa na kujaribiwa katika wodi za kiharusi za Ujerumani, Denmark, Marekani na kwingineko. Anayepita mlangoni huona mtu amelala, mashine inavuma, na muuguzi amesimama kando kama hana la kufanya. Inafaa kuingia ndani na kusimama karibu.

Ubongo ni asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hula asilimia 20 ya oksijeni yote, na hauna ghala. Damu iliyoganda ikiziba mshipa mkubwa wa kichwani, kitovu cha eneo lililokatiwa damu hufa upesi. Kukizunguka hubaki ukanda ambao haujafa wala hauko salama: unapata damu kidogo kutoka mishipa ya jirani, inayotosha kuuweka hai, isiyotosha kuufanya ufanye kazi. Mwaka 2006 daktari Jeffrey Saver wa Los Angeles alikokotoa kwamba kiharusi cha namna hiyo kisipotibiwa, ubongo hupoteza wastani wa seli za neva milioni 1.9 kila dakika. Tiba yenyewe ni kuuzibua mshipa, kwa dawa ya kuyeyusha damu au kwa waya unaopitishwa hadi kwenye bonge na kulivuta nje. Baridi ilikusudiwa kuupa ule ukanda uvumilivu. Kila nyuzi moja inayoshuka hupunguza mahitaji ya ubongo kwa asilimia 6 hivi, sumu zinazomwagwa na seli zinazokufa hupungua, kuta za mishipa midogo hazivuji sana, na uvimbe hukawia. Kinacholengwa ni nyuzi 33 hadi 35. Chini sana ya hapo moyo huanza kuyumba.

Kabla ya kupoza chochote, muuguzi hutafuta mahali pa kupimia. Kwapa halifai hapa: ngozi ikishapoa, kwapa litaonyesha baridi ambayo ndani haipo. Sikio nalo hutegemea mkono wa anayepima na nta iliyomo. Huchukua waya laini wenye kihisio kwenye ncha, huupitisha puani hadi kwenye umio, na kuuacha theluthi ya chini, nyuma ya moyo, ambako damu nyingi ya mwili hupita jirani. Ukiishia juu mno, hewa ya kwenye koo itaupoza. Ukishuka mno, utaingia tumboni. Kwa hiyo hupima urefu kwanza kwa nje, kutoka pua hadi sikio hadi mwisho wa kidari, huweka alama ya kalamu, hupaka jeli, husukuma polepole, na akihisi ukinzani husimama badala ya kulazimisha. Kipimo cha pili hukaa kibofuni, ndani ya mpira wa mkojo. Hicho kina tabia yake: mkojo ukiwa mwingi kinakwenda sambamba na damu, ukipungua kinabaki nyuma. Muuguzi mzoefu husoma namba mbili na kuuliza kwa nini zimetofautiana. Na hata zikipatana, anajua kwamba ubongo, hasa ulioumia, mara nyingi una joto kuliko damu ya moyoni, wakati mwingine kwa nyuzi moja nzima.

Sasa mfuko hutolewa kwenye jokofu. Kiasi ni mililita 20 kwa kila kilo, kwa hiyo mgonjwa wa kilo 70 atapokea lita 1 na mililita 400. Kanula iwe nene. Mfuko huvishwa mkoba wa presha unaoubana ili maji yasidondoke bali yatiririke, na yote yaingie ndani ya nusu saa hadi saa moja. Muuguzi hulaza vidole juu ya mkono wa mgonjwa, pale kanula ilipoingilia, akitafuta uvimbe, kwa sababu maji yanayotoka nje ya mshipa hayapozi chochote na yanaumiza. Kila baada ya muda huinama, humwinua mgonjwa kidogo na kuweka stetoskopu mgongoni, sehemu ya chini ya mapafu, kusikiliza kama kuna mlio wa kuchemka. Wagonjwa wengi wa kiharusi ni watu wazima walioishi na presha miaka mingi, na karibu lita moja na nusu kwa mara moja ni mzigo kwa moyo wa namna hiyo.

Dripu hiyo hushusha nyuzi moja, au zaidi kidogo, kisha nguvu yake huisha. Hapo huingia mashine, nazo zipo za namna mbili. Ya kwanza hutumia vibandiko vya jeli vinavyotandazwa mgongoni, tumboni na mapajani, vikifunika karibu asilimia 40 ya ngozi, huku maji baridi yakipita ndani yake. Kuvibandika huonekana rahisi hadi umwone asiyejua. Ngozi iwe kavu, bila mafuta. Kibandiko huanzia upande mmoja na kiganja hufuata nyuma yake kikikisawazisha, kusibaki mkunjo, maana chini ya mkunjo kuna hewa na hewa hukataa kupitisha baridi. Mirija hupangwa isilaliwe. Mrija uliosahaulika chini ya paja kwa saa kadhaa huacha kidonda.

Ya pili hupita ndani. Daktari huingiza katheta kwenye mshipa mkubwa wa vena pale kinenani, na kuipandisha hadi kwenye mshipa mkuu unaorudisha damu moyoni. Katheta ina viputo vyembamba vya plastiki ambavyo maji ya chumvi yaliyopozwa huzunguka ndani yake na kurudi kwenye mashine, bila kuchanganyika na damu hata tone. Damu hupita nje ya viputo, huacha joto lake, huendelea na safari. Njia hii ni ya haraka zaidi, ya uhakika zaidi, na huiacha ngozi huru. Faida ya kuiacha ngozi huru huonekana pale mwili unapoanza kugoma.

Mwili hulinda nyuzi 37 zake kwa ukali. Kwanza hufunga mishipa midogo ya ngozi, vidole vikapauka, joto likabaki ndani. Ukizidi kupozwa, karibu na nyuzi 35 na nusu, huanza kutetemeka. Kutetemeka ni kazi ya misuli, na misuli hula oksijeni na kutoa joto. Mtetemo mkubwa huweza kuongeza matumizi ya oksijeni ya mwili mzima mara mbili na zaidi. Yaani mtu aliyepozwa ili atumie kidogo huishia kutumia kuliko mwanzo. Mgonjwa aliyelazwa usingizi kwenye mashine ya kupumulia anaweza kupewa dawa ya kulegeza misuli, mambo yakaisha. Wa kiharusi ambaye yuko macho hafanyiwi hivyo, kwa kuwa madaktari wanahitaji aseme, ainue mkono, aonyeshe kama anapata nafuu au anazidiwa. Inabidi apozwe akiwa macho, na mwili wake ukubali.

Ndipo muuguzi huweka mkono juu ya taya.

Mtetemo hauanzii mikononi kama wengi tunavyodhani. Huanzia kwenye misuli ya kutafunia, shingoni na juu ya kifua, na kabla haujaonekana kwa macho huhisika kwa vidole, mvumo mdogo unaokuja na kuondoka. Vidole vitatu hulazwa chini ya sikio, pale taya linapokata kona, na kiganja cha mkono wa pili juu ya kidari. Hakandamizi, maana akikandamiza atahisi mapigo ya vidole vyake mwenyewe. Hutulia hapo, macho yakiwa kwenye monita, kwa sababu mstari wa moyo nao huanza kuwa na mikwaruzo midogo kati ya pigo na pigo misuli ya kifua inapoanza kucheza. Mwaka 2008 Neeraj Badjatia na wenzake wa Columbia, New York, walichapisha kipimo cha kitandani kwa ajili ya jambo hili: 0 hakuna mtetemo, 1 uko shingoni na kifuani tu, 2 mikono imeanza kutikisika, 3 ni mwili mzima. Walionyesha pia kwamba alama ikipanda, matumizi ya nishati hupanda pamoja nayo. Mtu yeyote anayepita anaweza kuiona 3. Ya 1 inataka mkono uliofundishwa, nao urudi pale pale kila saa, usiku kucha, hata pale ambapo mara kadhaa zilizopita haukukuta kitu.

Akiikuta, tiba ya kwanza ni joto. Taarifa zinazoufanya ubongo uamue kutetemeka hazitoki zote ndani. Sehemu ya tano hivi hutoka kwenye ngozi. Muuguzi humvisha mgonjwa soksi nene na glovu za sufi, humfunika kwa blanketi jepesi lenye matundu linalopulizwa hewa ya moto, hufunika hata mabega. Anayepalia wali huacha makaa machache chini na kuweka mengine juu ya mfuniko, kila upande na kazi yake. Hapa nako damu hupozwa kutokea ndani huku ngozi ikipashwa kutokea nje, kitanda kimoja, saa ile ile. Mgonjwa ukimuuliza atakuambia yuko sawa, anahisi vuguvugu. Kipimo cha kwenye umio kinasema 34.4.

Kisha hufuata dawa, kwa ngazi. Paracetamol gramu moja kwa saa maalumu. Buspironi miligramu 30, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya wasiwasi, ambayo iligundulika kwamba huushusha mpaka wa kutetemeka. Petidini kwa mshipa, polepole, kwa pampu. Buspironi na petidini zikishirikiana huweza kuushusha mpaka huo hadi karibu nyuzi 33 na nusu, tena kwa dozi ndogo kuliko ambayo ingehitajika kila moja ikiwa peke yake. Lakini petidini ikizidi, mgonjwa husinzia, pumzi hupungua, kikohozi hulegea, na asiyekohoa vizuri huvuta mate mapafuni. Kwa hiyo muuguzi huhesabu pumzi kwa macho yake kwa dakika nzima, kifua kikipanda na kushuka, ingawa namba ipo kwenye monita. Huongeza kidogo, hungoja, hurudi kwenye taya. Ikibidi hupunguza. Nimesoma miongozo mingi ya kazi hii, na yote ina vishale na visanduku. Hakuna hata mmoja unaoweza kuandika ule muda wa kungoja kati ya dozi na dozi, ambao ndio wenye kazi.

Kiwango kikishafikiwa, huja saa 12, 24, au siku mbili tatu za kukishikilia, na hapo maabara huwa na habari za ajabu. Baridi husukuma potasiamu kutoka kwenye damu kuingia ndani ya seli, na kipimo huonyesha upungufu. Asiyejua huijaza hadi ifike kawaida. Anayejua hujaza kiasi tu, kwa sababu siku ya kumpasha mgonjwa joto potasiamu ile itatoka tena kwenye seli, na ikiwa nyingi mno huweza kusimamisha moyo. Insulini hufanya kazi kwa ulegevu, sukari ikapanda. Figo humwaga mkojo mwingi. Moyo hupiga polepole, mara 50 kwa dakika au chini yake, na huachwa hivyo mradi presha inatosha. Ini hukawia kuondoa dawa, hata dozi ya asubuhi ikawa bado imemshika mgonjwa jioni. Kila kimoja kati ya hivi, kwa mtu mwenye joto la kawaida, kingekuwa dharura. Hapa muuguzi inabidi ajue kipi ni cha baridi na kipi ni cha ugonjwa.

Lakini jambo ninalolipenda kuliko yote katika ufundi huu ni namba moja ndogo kwenye kioo cha mashine, ambayo wageni hawaitazami: joto la maji yenyewe. Mashine imeamriwa kumweka mgonjwa kwenye nyuzi 34, na itamweka. Akipata maambukizi, homa haitaonekana, maana joto lote jipya linanyonywa mara linapozaliwa. Ila ili kulinyonya, mashine hulazimika kuyapoza maji yake zaidi. Tuseme saa tatu usiku maji yalikuwa nyuzi 22, saa sita yakawa 17, saa tisa 9. Kwenye chati mstari wa mgonjwa umenyooka kama ulivyotakiwa, na daktari anayepita haraka ataridhika. Muuguzi anayeandika namba ya maji kila saa ameshaiona homa ndani ya mtu asiye na homa. Huinua simu, huchukua damu ya kuotesha vijidudu, husikiliza mapafu, hutazama rangi ya makohozi na ya mkojo, hufunua kinena kuona kama pale katheta ilipoingilia pamekuwa pekundu. Mara nyingi ni nimonia.

Katikati ya haya yote mgonjwa hugeuzwa, hupanguswa, husafishwa kinywa. Ngozi iliyofungiwa damu kwa baridi huoza upesi kuliko nyingine, kwa hiyo kila kibandiko hufunuliwa pembe na kuchunguzwa kilicho chini yake, visigino na kisogo navyo vivyo hivyo.

Ukimuuliza aliyezoea kazi hii ni wapi penye hatari, atakuambia ni wakati wa kurudisha joto. Stefan Schwab na wenzake wa Heidelberg walilijifunza hilo kwa uchungu. Mwaka 1998 walichapisha habari za wagonjwa 25 waliopata kiharusi kikubwa kiasi cha ubongo kuvimba na kubanwa ndani ya fuvu, hali ambayo wakati huo iliua wengi wa walioipata. Waliwapoza hadi nyuzi 33 kwa siku mbili hadi tatu. Shinikizo ndani ya fuvu lilishuka, na wagonjwa 14 waliishi. Waliokufa, 11, wote waliuawa na shinikizo lililopanda upya baada ya kupashwa joto. Kumi kati ya wale 25 walipata nimonia.

Tangu hapo wenye ufundi huu hupandisha joto kwa mwendo wa konokono, katika vituo vingine sehemu moja ya kumi ya nyuzi kwa saa. Piga hesabu: kutoka 33 hadi 36.5 ni saa 35. Aliyeanza hataona mwisho. Zamu nne au tano zitapita, na kila mmoja humkabidhi mwenzake mstari ambao karibu haupandi. Kila saa humulika mboni kwa tochi, moja kisha nyingine, akilinganisha upana na wepesi wa kusinyaa. Mboni moja ikikawia, au shinikizo likipanda, husimamisha mashine hapo hapo ilipo, 34.7 ikibidi, na kukaa hapo nusu siku. Hakuna anayemharakisha. Na ikifika 36.5 mashine haizimwi, kwa sababu mwili uliozuiliwa siku tatu hupenda kulipiza kwa homa.

Matokeo ya yote haya, kwa kiharusi, hayajawa mazuri. Utafiti wa Ulaya ulioitwa EuroHYP-1 ulikusudia wagonjwa 1,500, ukasimamishwa mwaka 2018 ukiwa na 98, na haukuonyesha faida. Wa Ujerumani, kwa wagonjwa waliofunguliwa fuvu ili ubongo upate nafasi, ulisimamishwa baada ya watu 50: baridi haikuongeza kitu, na madhara makubwa yalikuwa mengi zaidi upande wa waliopozwa. Ndiyo maana leo mgonjwa wa kawaida wa kiharusi hapozwi hadi nyuzi 34, na asipozwe. Hata hivyo iko namba moja katika EuroHYP-1 ambayo huwa naisoma mara mbili. Kati ya watu 49 waliopangiwa baridi, waliofikia kiwango kilichowekwa walikuwa 15 tu. Waliobaki walitetemeka, walikosa raha, walipata matatizo, au hawakushuka vya kutosha. Haituambii kwamba baridi ingewaponya. Inatuambia jinsi kazi yenyewe ilivyo ngumu hata kwa wenye mashine na mafunzo.

Mahali ambapo baridi imethibitika ni kwa watoto wachanga waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa: nyuzi 33.5, ianzwe ndani ya saa 6, ishikiliwe saa 72, kisha joto lirudishwe kwa nusu nyuzi kila saa. Hilo limeokoa akili za watoto wengi Ulaya na Marekani. Kampala, katika hospitali ya Mulago, Nicola Robertson na wenzake walijaribu kwa chupa za maji ya bomba na kuchapisha mwaka 2008. Walionyesha kwamba joto la mtoto linaweza kushushwa na kushikiliwa bila mashine ya gharama, ila vifo vilikuwa vingi zaidi upande wa waliopozwa, ingawa watoto wote walikuwa 36 tu. Utafiti mkubwa zaidi wa India, Sri Lanka na Bangladesh, uliotoka mwaka 2021, nao ulikuta vifo vimeongezeka kwa waliopozwa. Chupa ya maji ni rahisi kupata. Wauguzi wa kutosha, maabara inayojibu usiku na mashine ya kupumulia ni habari nyingine.

Kwa kiharusi kilichobaki ni kazi ndogo zaidi kwa jina: kutomwacha mgonjwa apate homa, na kuijua ikija. Mwaka 1996 watafiti wa Copenhagen waliwafuatilia wagonjwa 390 na kukuta kwamba kila nyuzi moja ya ziada mgonjwa anapofikishwa hospitali iliongeza zaidi ya maradufu uwezekano wa matokeo mabaya. Mwaka 2011 Sandy Middleton na wenzake walichapisha utafiti wa wodi 19 za kiharusi huko New South Wales, Australia. Hawakuleta mashine yoyote. Waliwafundisha wauguzi mambo matatu: kupima joto kila saa 4 kwa siku 3 na kutoa paracetamol likifika 37.5, kufuatilia sukari, na kupima kumeza kabla ya kumlisha mgonjwa. Baada ya siku 90, waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 42, wakati katika wodi ambazo hazikufundishwa walikuwa 58. Miaka 13 baadaye utafiti wa INTREPID uliwavisha wagonjwa vibandiko vya kupoza ili homa isitokee kabisa. Homa ilipungua kweli, lakini hali zao baada ya miezi mitatu hazikutofautiana na za wenzao. Nionavyo mimi, siri ya Australia ilikuwa kwenye kumeza na sukari kama ilivyokuwa kwenye kipimajoto, na kwamba yote matatu yalikuwa mikononi mwa mtu yule yule.

Kazi hiyo ya Australia inafanyika pia katika wodi zetu, ambako ndugu ndiye mlishaji na chupa ya uji hufika kabla ya daktari. Mama amelala, upande wa kulia umelegea, mdomo umekwenda kombo. Binti yake ameshafungua chupa, muuguzi anamwahi.

"Dada, usimpe kwanza. Mpaka nimpime anavyomeza."

"Lakini sista, tangu jana hajala."

"Najua, dada yangu. Nisaidie tumkalishe."

Humkalisha wima, mito miwili nyuma, kidevu kimeinama kidogo. Husafisha kinywa kwa pamba yenye maji, kwa sababu uchafu wa kinywani ndio unaokwenda mapafuni. Kijiko kimoja cha chai cha maji, huwekwa upande wa mdomo ambao haujalegea. Vidole viwili hukaa juu ya koromeo, bila kukandamiza, vikingoja lipande na kushuka. Kisha, "Mama, niambie jina lako." Hasikilizi jina. Anasikiliza kama sauti imelowa. Kijiko cha pili, cha tatu, kila kimoja kwa muda wake. Mama akikohoa, au sauti ikibadilika, uji utapita kwenye mpira wa puani, na binti ataonyeshwa namna ya kuumimina taratibu huku kichwa kimeinuliwa, na kumwacha mama amekaa nusu saa baada ya chakula.

Saa 4 baadaye kipimajoto cha kwapani, ambacho kwa mgonjwa asiyepozwa kinafaa, kinasoma 37.8. Sista hutoa paracetamol, kisha huanza kutafuta: huweka stetoskopu chini ya bega la kulia, hutazama kanula kama mkono umekuwa mwekundu, hunusa na kuangalia mfuko wa mkojo, humgeuza mama kukagua makalio, humchoma kidole kwa ajili ya kipimo cha malaria na sukari kwa tone lile lile. Akikuta malaria hutibiwa malaria, akikuta kanula imeharibika huing'oa na kuihamishia mkono mwingine. Paracetamol ingeshusha homa na kuvificha vyote viwili.